Jinsi ya kuusoma mnara wa ulinzi ukiwa hapa Mombasa

Watu wengi wakienda Fort Jesus wanapiga picha na mzinga, wanapiga nyingine pale mlangoni, wanatoka wanaenda kula viazi karai, basi imeisha. Hakuna ubaya. Lakini ngome ile yote, na vile vigome vidogo vilivyobomoka huku na huku kisiwani, haingefaa kitu bila mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa macho tu. Ukijua kumfuata huyo mlinzi, mnara wowote utakaokutana nao, uwe wa hapa, wa Istanbul ama wa China, utausoma mwenyewe bila kulipa mtu wa kukutembeza. Njia yenyewe ndo hii, na mzazi ambaye mtoto kaja na project ya shule pia itamfaa, manake haihitaji kitu zaidi ya simu, penseli na miguu.

Kwanza achana na swali la "ni mrefu kiasi gani". Swali la kuuliza ni hili: ulikuwa unawapa watu wa chini muda gani? Mnara wa ulinzi haumzuii adui, wala haumpigi. Unachofanya ni kumuona mapema, ili walio chini wapate masaa mawili matatu ya kufunga milango, kuingiza watoto na maji, kupanga mizinga, au kuhama kabisa wakiona mambo ni mazito. Yaani kinachotengenezwa pale juu ni muda. Mengine yote, mawe, ngazi, vidirisha, yanatokana na hilo.

Na muda huo unaweza kuupigia hesabu, hii ndo sehemu mimi naipenda zaidi. Dunia ni duara kwa hivo bahari inajikunja, chombo kilicho mbali kinajificha nyuma ya mkunjo. Chukua urefu wa macho yako kutoka usawa wa maji kwa mita, tafuta kipeuo cha pili (ile alama ya √ kwenye kalkuleta ya simu), zidisha kwa 3.57, utapata kilomita za mpaka unapoishia kuona maji. Mtu wa kawaida akisimama ufukweni macho yako mita 1.7 hivi, anaona kama kilomita 4.6 tu, si uongo, hata kama anahisi anaona mpaka India. Mpandishe huyo huyo mpaka macho yawe mita 20 juu ya maji, anafika kilomita 16. Halafu kuna upande wa pili ambao wengi wanausahau, na chombo nacho kina urefu wake. Jahazi lenye mlingoti wa mita 12, ncha yake inaonekana kilomita 12 nyingine zaidi, kwa hivo ukijumlisha mlinzi wetu anaiona ile ncha ikichomoza akiwa kilomita 28 mbali nayo. Jahazi likienda kilomita 9 kwa saa, umepata masaa matatu. Yule wa ufukweni kwa mlingoti ule ule anapata kilomita 17, kama masaa mawili hivi kasoro dakika chache. Tofauti ya saa moja na zaidi, na imenunuliwa kwa mawe na chokaa.

Hii usiamini kwa mdomo, jaribu. Nenda Mama Ngina, pale ukingoni mwa bahari kisiwani, fungua app yoyote inayoonyesha meli, tafuta inayokuja bandari ya Kilindini kutoka nje. Chukua darubini kama unayo, ukikosa hata kamera ya simu yenye zumu nzuri itasaidia. Utaona kwanza kontena za juu na ile nyumba ya nahodha zinatokea kama zinaelea, bila tumbo la meli, halafu polepole meli yenyewe inapanda. Meli ya kontena yenye kimo cha mita 40 juu ya maji, na wewe uko juu ya mwamba tuseme mita 12, kwa hesabu mnaonana kilomita 35 hivi, ingawa ukungu na joto la baharini mara nyingi vinakupunguzia. Nenda jioni, kuanzia saa kumi, jua likiwa nyuma yako. Asubuhi jua linatoka baharini linakupiga usoni, na hilo wale wa zamani walilijua vizuri, aliyekuja na mapambazuko kutoka mashariki alikuwa na jua upande wake.

Sasa twende ngomeni.

Fort Jesus ilianza kujengwa 1593 ikakamilika 1596, Wareno wakiwa chini ya mfalme Felipe wa Spain kwa wakati ule, na aliyeichora ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Ina buruji nne za pembeni, yaani kona za ukuta zilizosukumwa nje, San Felipe na San Alberto zinatazama nchi kavu, San Mateus na San Matias ziko upande wa bahari, halafu kuna sehemu ya mraba imejitokeza kuelekea majini. Ukiingia usikimbilie kwenye vitu vya makumbusho, panda kwanza juu ya ukuta, simama kwenye buruji mojawapo, halafu fanya hivi: usiangalie bahari. Angalia chini, mguuni mwa ukuta. Unaona nini?

Hapo ndo utajua akili ya Cairati. Mnara wa duara uliosimama peke yake una kasoro moja kubwa, adui akishafika akajibana kwenye ukuta, yule wa juu hamuoni tena mpaka ainame mwili mzima, na akiinama anapigwa. Ile sehemu ya chini ni kipofu. Fort Jesus kona zake zimekatwa na kusukumwa nje kwa pembe pembe, mtu aliye San Alberto anaona mguu wa ukuta wa San Felipe, na wa San Felipe anauona wa mwenzake. Kila buruji inalinda mguu wa nyingine. Kama mko wawili mgawanyike, mmoja akae buruji moja mwingine ashuke nje akatembee kando ya ukuta, aliye juu aseme ni wapi anampoteza. Watoto wanaupenda sana mchezo huu, na watakuwa wamejifunza kitu kuhusu ujenzi wa ngome ambacho kwa maneno ingekuchukua nusu siku kuwaeleza.

Kisha tafuta matundu. Tundu la mlinzi kwa kawaida ni jembamba nje na pana ndani, ukuta umekatwa kama unafunguka kukuelekea wewe uliye ndani. Weka bega lako pale, sogea kushoto, sogea kulia, uone upana wa eneo unaloweza kulitazama huku wewe mwenyewe huonekani. Gusa na jiwe, ni matumbawe yale yale ya baharini, na kwa mzinga wa chuma jiwe hili lina raha yake, risasi inazama badala ya kuvunja ukuta vipande vipande.

Kuna kitu kingine cha kuangalia ukiwa juu pale: mlingoti wa bendera. Manake kuona tu haitoshi, lazima habari itoke. Mlinzi aliyeona na hana namna ya kusema ni sawa na aliyelala. Kila mnara utakaousoma, uliza habari ilitoka vipi, kwa moshi, moto, ngoma, baragumu, bendera, mzinga? Wamisri wa Alexandria walikuwa na ule mnara wa Pharos tangu karne ya 3 kabla ya Kristo, unakadiriwa zaidi ya mita 100, lakini ule ulikuwa ukiwaambia mabaharia "njooni huku". Wachina walifanya kinyume, kwenye Ukuta Mkuu minara ilipangwa kila mmoja uone wa jirani, mchana moshi, usiku moto, na enzi za Ming wakaongeza milio ya mizinga, idadi ya moshi na milio ndo ilikwambia maadui ni mia au ni maelfu. Ufaransa mwaka 1794 Claude Chappe akaweka minara kutoka Paris mpaka Lille, zaidi ya kilomita 200, juu ya kila mnara kuna mikono ya mbao inayokunjwa kwa mitindo tofauti, jamaa wa mnara wa pili anatazama kwa darubini anaiga, wa tatu anaiga, ujumbe unafika kwa dakika badala ya siku za farasi. Ukungu ukishuka, biashara imefungwa. Teknolojia yote ile inasimamishwa na wingu moja, ndo maana waya wa telegrafu ulipokuja hakuna aliyeililia.

Bendera ya Fort Jesus nayo ina kisa. Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696, wakakaa hapo karibu miaka mitatu, ndani watu wakaisha kwa njaa na maradhi, na Disemba 1698 ikaanguka. Muda mfupi baadaye zikaja meli za Wareno za kuleta msaada. Ziliona bendera ya Oman inapepea juu, zikageuza. Fikiria hilo ukiwa umesimama pale: mara nyingi tunawaza mnara kama macho ya waliomo ndani tu, kumbe na wa baharini nao walikuwa wakiusoma kutoka mbali, na ujumbe waliousoma siku ile ulikuwa mfupi sana.

Haya, toka ngomeni, na usibaki upande wa bahari tu. Hapa ndo wageni wengi wanaachwa, wanadhani hatari ya Mombasa ilikuwa inatoka majini peke yake. Hebu chukua tuktuk mpaka Makupa. Mwaka 1589 kisiwani alikuwepo Mturuki mmoja, Amir Ali Bey, amejiweka na ngome yake ndogo akiwatazamia Wareno kutoka baharini. Bara ng'ambo ya kivuko cha Makupa walikuwepo Wazimba, jeshi lililokuwa linapanda kutoka kusini likimaliza kila lilipopita, na Ali Bey aliweka mashua zake za vita pale kivukoni kuwazuia. Wareno walipofika kutoka Goa wakazipiga zile mashua, Wazimba wakavuka, mji ukaliwa pande zote mbili. Baadae Wareno wenyewe, wakishatulia, wakajenga vigome vidogo pale Makupa kutazama bara, manake walishaona kwa macho yao mlango wa nyuma unavyofanya kazi.

Leo ukisimama karibu na daraja jipya la Makupa lililofunguliwa 2022, magari yanapita mbio, ni vigumu kuwaza kwamba hapa maji yakikupwa mtu alivuka kwa miguu. Lakini ndo somo la kusoma eneo: kabla hujauangalia mnara, jiulize adui angepita wapi. Njia nyembamba, kivuko, mlango kwenye mwamba wa bahari, kona ya mto, hapo utaukuta mnara au mabaki yake. Meli kubwa haiwezi kuingia Mombasa popote inapotaka, mwamba umezunguka, kuna mlango wake ndo uingie, halafu uchague Bandari ya Zamani au Kilindini. Ndo maana Ras Serani, penye mlango huo, Wareno walijenga pia, na utaona kigome chao kimoja upande wa Mama Ngina, Fort St. Joseph, kimebaki vipande lakini ukikaa pale unaelewa mara moja kwa nini hapo na si mita mia mbili kule.

Vita vya pili vya dunia vilipokuja, mambo yakabadilika. 1942 meli za kivita za Waingereza zilihamia Kilindini baada ya Wajapani kuwasumbua upande wa Ceylon (Sri Lanka ya leo), na pamoja nao wakaja watu wa kusikiliza redio na kuvunja siri za Wajapani, wakawekwa kwenye shule ya Allidina Visram, pale pale mbele ya bahari. Mahali ni pale pale pa mlinzi wa zamani lakini masikio yakachukua kazi ya macho, na mkunjo wa dunia haukuwa tatizo tena. Kwangu mimi huo ndo mnara wa kisasa wa kwanza wa Mombasa, ingawa mpita njia hangeona mnara wowote.

Kabla hujaanza kuona minara ya ulinzi kila mahali, ngoja kidogo. Sio kila kilichosimama wima kilikuwa cha kuchungulia. Nguzo ya Mbaraki, ile ya matumbawe kama mita 14, ndani tupu, iko upande wa Likoni, utasikia watu wanasema ilikuwa ya kuangalia meli. Angalia kilicho karibu yake: ni msikiti wa kale, na watu wamekuwa wakipeleka marashi na ubani pale kwa ajili ya pepo. Hiyo inakwambia kazi yake kuliko urefu wake. Nguzo za makaburi za Malindi na Mnarani Kilifi nazo ni za heshima ya waliolala chini, hupandi. Mnara wa Msikiti wa Mandhry, mji wa kale, msikiti wenyewe ni wa 1570, kazi yake ni adhana. Kipimo ni rahisi: kama hakuna mahali pa mtu kukaa kutwa nzima, hakuna namna ya kupanda na kushuka haraka, na hauelekei njia ya mtu yeyote, basi huo si wa ulinzi.

Mji nao ulihitaji wa kuutazama wenyewe, na hapa adui ni moto. Istanbul wana mnara wa Galata uliojengwa na Wagenoa 1348, Waturuki baadaye wakaufanya wa kutazamia moto, na 1828 wakasimamisha mwingine wa mawe, Beyazıt, ule wa mbao uliotangulia ulikuwa umeungua (ndio, mnara wa kutazama moto, ukaungua). Mchana walitundika vikapu, usiku taa, kuonyesha moto uko mtaa gani. Siku hizi taa za Beyazıt zinasema hali ya hewa. Marekani baada ya mioto mikubwa ya misitu ya 1910 walijaza minara milimani, na wao wakatuachia ujanja ambao unaweza kuufanya hapa wikendi hii.

Ni hivi. Mlinzi mmoja anaona moshi lakini hajui uko mbali kiasi gani, anajua uelekeo tu. Walinzi wawili kwenye minara miwili, kila mmoja anasoma uelekeo wake, wanachora mistari miwili kwenye ramani, inapokatana ndo kwenye moto. Chukua rafiki, mmoja abaki juu ya ukuta wa Fort Jesus, mwingine aende Mama Ngina mwisho mwisho kule. Pigianeni simu, chagueni meli moja iliyosimama nje ikisubiri zamu, kila mtu afungue dira ya simu asome digrii. Piga screenshot ya ramani, chora mistari kwa penseli kwenye karatasi au kwa kidole kwenye simu, halafu linganisha na app ya meli. Mtaona mmekaribia kiasi gani. Zingatieni chuma, ukiegemea mzinga ama reli ya chuma dira ya simu inapotoka kabisa.

Kuna minara ya aina moja siipendi lakini lazima niitaje, ile inayotazama ndani. Fort Jesus yenyewe kuanzia 1895 mpaka 1958 ilikuwa jela, kuta zile zile za kumzuia wa nje zikawa za kumzuia wa ndani. Na wakati wa Hali ya Hatari miaka ya 50, huko Mlima Kenya, watu walihamishwa wakarundikwa kwenye vijiji vyenye handaki na mnara wa askari. Ukitaka kujua mnara ni wa upande gani, angalia kivuli cha mlinzi kinaangukia wapi, mgongo wake uko kwa nani na uso kwa nani.

Na kama huko Fort Jesus ni mbali nawe, ama unaishi Kwale au Kilifi, ulinzi wa juu huna haja ya kuufuata makumbusho. Dungu. Wale wenye shamba la mpunga ama mahindi wanalijua: miti minne ya nguzo, kitanda cha fito juu kimo cha mtu na nusu hivi, paa la makuti, ngazi ya kamba au ya vijiti. Juu amekaa kijana na teo, mawe yake kwenye kikapu, anaamia ndege tangu alfajiri, na usiku zamu ni ya mzee na debe la kugonga nguruwe mwitu wakija. Ukijenga lako fuata kanuni zile zile za Cairati. Liweke kona ambayo nguruwe wanatokea, sio katikati kwa uzuri. Fyeka chini ya dungu kusiwe na kichaka cha kujificha mnyama. Paa liwe fupi mbele ili usizibe macho yako mwenyewe. Kama shamba ni kubwa jenga mawili yanayoonana, mkubaliane alama kabla, debe mara moja ni nyani, mara mbili ni nguruwe, mfululizo ni ndovu na hapo kila mtu anashuka anaondoka, hakuna shujaa wa kusimama mbele ya ndovu.

Mambo madogo ya kumalizia. Fort Jesus wanafunga saa kumi na mbili jioni, kwa hivo ukitaka mwanga mzuri ingia saa tisa unusu. Bandarini, kambi ya jeshi la majini upande wa Mtongwe na Ikulu pale karibu na Mama Ngina, usipige picha za kuchokonoa, utaulizwa maswali hujajiandaa kuyajibu. Drone usirushe bila kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Beba maji, kofia, na viatu vya kupanda, mawe ya juu ya ukuta yana utelezi mvua ikinyesha. Mama Ngina Jumapili jioni kunajaa mpaka huoni bahari kwa vichwa vya watu, enda siku ya kazi, nunua kachiri na dafu, kaa ukingoni na kalkuleta yako.